Usiiwashe Mpaka Nije

Jumatatu ile pikapu ya Aikaeli ilizima mara sita kabla haijavuka geti la nyumbani. Ilikuwa katikati ya Julai, na huko juu ya Ngaramtoni, mashamba yanapokaribia msitu, baridi ya Julai haina simile. Ukungu ulikuwa umelalia karoti na liki. Mlima Meru, ambao siku nyingine husimama nyuma ya zizi kana kwamba ni mali ya familia, siku hiyo haukuonekana kabisa. Aikaeli aligeuza ufunguo. Injini ikawaka, ikatetemeka kama mtu aliyetolewa mtoni, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akageuza tena.

"Kanyaga mafuta!" alipiga kelele Sakaya, mumewe, aliyekuwa amesimama kando na shuka zito mabegani.

"Nimekanyaga!"

"Basi acha kukanyaga!"

Sakaya hakujua kuendesha gari, lakini ushauri hakuwa mchoyo nao. Kazi yake ilikuwa shamba, na shamba alilijua mche kwa mche. Kazi ya Aikaeli ilikuwa kupakia mboga alfajiri na kuzifikisha saa moja kamili kwenye hoteli ya kitalii iliyoko kilomita tano chini, upande wa barabara ya Nairobi. Kreti kumi na mbili kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha Lesian, mtoto wao wa kwanza, chuoni Dodoma. Ndiyo iliyoezeka nyumba, na ndiyo iliyowafanya waaminike dukani. Hakukuwa na mteja mwingine wa maana.

Siku hiyo alifika saa mbili kasorobo. Frederick, mkuu wa jiko, alikuwa mlangoni mwa nyuma amekunja mikono juu ya aproni nyeupe. Siku zote vijana wake wakishusha kreti, Aikaeli hupewa kikombe cha chai ya tangawizi na kigoda karibu na jiko. Siku hiyo hakuna aliyemwonyesha hata pa kuegemea. Alisimama kwenye sakafu yenye maji, mkoba kwapani, watu wakimpita na masufuria wakisema "samahani, mama," kama vile alikuwa amewekwa njiani kwa makosa.

"Wageni wangu wamekula mayai bila hoho wala giligilani," alisema Frederick. "Wiki ya pili hii."

"Ni gari, mkuu. Asubuhi linasumbua."

"Wageni hawali gari, mama." Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipouma zaidi. "Sikiliza. Alhamisi nina watu sabini wa mkutano. Nahitaji mzigo mara tatu. Kuna bwana mmoja wa Tengeru ananipigia simu kila wiki, anataka nafasi yako, na mimi namwambia nina mtu wangu. Ukichelewa tena kati ya leo na Alhamisi, Ijumaa naomba usijisumbue kuja."

Aikaeli aliitikia kwa kichwa, akachukua kreti zake tupu, akaenda kuwasha gari. Liliwaka mara moja, likatulia, likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Alilitazama kwa hasira. Alitamani kulizaba kofi.

*

Kutoka hotelini alinyoosha moja kwa moja mjini, kwenye gereji ya fundi Derick, akasubiri zamu yake mpaka adhuhuri. Derick alikuwa mtu mcheshi, mwenye wateja wengi na sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. Tangu Juni alikuwa amembadilishia Aikaeli plagi, kisha koili, kisha akasafisha nozeli, na kila mara alimrudishia gari akisema, "Sasa mama utalala usingizi."

"Limerudi kule kule," alisema Aikaeli. "Linatetemeka, silensa inashuka, mngurumo unafifia, linazima. Linamisi mpaka milango inagongana."

Derick alifungua boneti. Akasikiliza huku amefumba macho. Kisha akaazima chupa ya soda kutoka kwa mteja mmoja aliyekuwa akinywa kivulini, akaisimamisha juu ya injini iliyokuwa ikiunguruma. Chupa ikasimama wima. Soda yenyewe haikucheza.

"Mnaona?" Derick aliwauliza watu waliokuwepo, na watu waliokuwepo wakaona. Mmoja akacheka. "Mama, gari linatetemeka wapi hapa?"

"Linatetemeka asubuhi."

"Sasa ni mchana."

"Ndiyo nakwambia asubuhi, likiwa limelala kwenye baridi! Likishapata moto linatulia. Tena kuna sauti, sss, kama pumzi inavuja mahali."

"Mama, injini isiyo na sauti ni jiwe." Watu wakacheka tena. Derick akamrudishia mwenyewe soda yake. "Labda tuangalie na namna unavyoliwasha. Nyinyi akina mama mna haraka na mguu. Lakini kama hutaki kuniamini, kilichobaki ni kontroo boksi, ule ubongo wa injini. Laki saba na nusu, na hiyo nakupa kwa sababu ni wewe."

Aikaeli aliijua hali hii. Lesian alipokuwa mdogo aliwahi kuugua homa usiku kucha, na asubuhi walipofika kwa daktari mtoto akaanza kuchezea kalamu za watu na kucheka, mpaka yeye mama ndiye akaonekana mgonjwa. Alilipa buku mbili ya kufunguliwa boneti, akafunga mlango wa pikapu, akaondoka. Gari likateleza barabarani laini kabisa, bila aibu yoyote.

*

Kabla ya kufika Ngaramtoni sokoni, kando ya barabara, palikuwa na kibanda cha mabati chenye maandishi ya rangi nyekundu: ANNA FUNDI MAGARI. Kwa miaka miwili Aikaeli alikuwa akipita hapo kila siku. Alikuwa akisimama kwa jambo moja tu, kujaza upepo. Siku hiyo pia alisimama kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa limelegea.

Anna alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono ya ovaroli yake imefungwa kiunoni. "Shikamoo, mama," alisema, akachuchumaa na mpira wa upepo.

"Marahaba."

"Leo umechelewa kurudi. Gari limekusumbua?"

Pengine ni kwa sababu mtu hakuwa amemuuliza kitu siku nzima ila kumwambia. Aikaeli alianza kueleza kwa sentensi moja, na dakika kumi baadaye alikuwa bado anaeleza: geti, ukungu, Frederick, bwana wa Tengeru, chupa ya soda. Anna alikuwa amemaliza matairi yote manne. Hakucheka.

"Linachukua muda gani mpaka litulie?"

"Dakika ishirini. Baridi ikizidi, hata nusu saa."

"Mwezi wa kwanza, wakati wa joto, lilikuwa linafanya hivyo?"

Aikaeli alifikiri. "Hapana. Limeanza mwezi wa tano, mvua zilipoisha."

"Na hiyo sauti, unaisikia upande gani?"

"Upande wangu wa kushoto, kwa ndani. Likipata moto inakwisha."

Anna alifuta mikono kwa kitambaa, akitazama boneti bila kuigusa. "Fundi wako amewahi kuliona likiwa baridi? Yaani asubuhi, halijawashwa?"

"Hajawahi. Mpaka nifike mjini limeshapata moto."

"Basi hajawahi kuuona ugonjwa. Anabadilisha vitu kwenye gari lisiloumwa." Akasimama. "Kesho nitakuja kwako saa kumi na moja na nusu. Nakaa hapa chini, nitapanda kwa pikipiki. Lakini mama, usiiwashe mpaka nije. Hata kwa kujaribu. Ikishawaka, siku imeharibika."

Aikaeli alipokuwa akiingia garini, alikiona tena kibanda kile chenye maandishi mekundu, na uso ukamwaka moto. Miaka miwili. Kila alipokipita alikuwa akijiambia mwanamke huyu labda anajua matairi. Mchana huo huo alikuwa amekasirika kwa kuambiwa habari za akina mama na miguu yao. Aliona aibu, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, alimwambia Anna aje mapema kidogo anywe uji.

*

Jioni, akichambua karoti, alimwambia mumewe, "Fundi anakuja alfajiri kuangalia gari." Hakusema zaidi. Karoti zilikuwa nyingi, na akili yake ilikuwa kwa bwana wa Tengeru.

Alfajiri aliamshwa na mngurumo. Alikaa kitandani, akasikiliza. Upande wa Sakaya wa kitanda ulikuwa mtupu na wa baridi.

Alimkuta mumewe uani, shuka limefungwa kichwani, anaipangusa pikapu kwa kitambaa. Ufunguo alikuwa ameuona ukutani, na kuwasha tu, alisema, hakuhitaji leseni. Gari lilikuwa limezima mara ishirini na tatu, alizihesabu, lakini hakukata tamaa. Tangu saa kumi. Sasa lilikuwa limetulia, linaunguruma vizuri, joto linapanda kwenye boneti na kuyeyusha umande.

"Mama Lesian, mgeni anakuja," alisema kwa fahari. "Hatuwezi kumpa fundi gari baridi."

Kabla Aikaeli hajamjibu, pikipiki ilisimama getini na Anna akashuka na begi lake la spana.

"Karibu, fundi!" Sakaya alimpokea kwa mikono miwili. "Nimekuandalia. Ipo moto kama chapati."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba, sidai kabisa."

Anna aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Akamtazama Aikaeli, akamtazama Sakaya, aliyekuwa akitabasamu kama mtu anayesubiri kusifiwa. Akachagua maneno kwa uangalifu.

"Baba, umeniandalia mgonjwa aliyeshapona."

Hapo hapo, kana kwamba imesikia inasemwa, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

"Hiyo sasa!" Sakaya aliruka, akainyooshea kidole. "Hiyo ndiyo shida yenyewe! Umeona, fundi?"

Anna aliingiza kichwa dirishani, akageuza ufunguo nusu, akaangalia mshale. "Hapana, baba. Hii ni mafuta yameisha."

Jogoo akawika mahali fulani chini. Sakaya alilifungua shuka kichwani taratibu. Kituo cha mafuta kilikuwa Ngaramtoni, na kilikuwa hakifunguliwi kabla ya saa moja. Aikaeli alikaa juu ya kreti ya liki, akafunika uso kwa viganja. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Sakaya, aliyeishi naye miaka ishirini na mbili, akamsogelea kwa hofu akidhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mara ishirini na tatu," alisema akifuta macho. "Umehesabu!"

"Nilihesabu," Sakaya alikiri kwa unyonge.

Aliyewaokoa ni Parsimei, jirani wa upande wa juu, aliyekuja kuuliza kwa nini gari lao limenguruma tangu saa kumi. Alikuwa na mkokoteni na punda wawili aliowatumia kubeba maji. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano kreti kumi na mbili zilikuwa juu ya mkokoteni zimefungwa kwa kamba, na Aikaeli akakaa mbele pembeni mwa Parsimei, koti la kanisani mwilini kwa sababu ya baridi.

"Gari msiliguse," Anna aliagiza. "Lilale leo mchana na usiku. Kesho nakuja saa ile ile. Na ufunguo, mama, kaa nao wewe."

*

Mlinzi wa hoteli aliwazuia getini. "Hawa hawaingii. Hii ni hoteli, si mnada."

"Mimi unanijua," alisema Aikaeli.

"Wewe nakujua. Hawa siwajui."

Walibishana mpaka mlinzi akakubali wapite njia ya nyuma, kwenye mapipa ya taka, na kwa sharti kwamba lolote watakaloacha punda hapo ndani, Aikaeli ataliondoa mwenyewe. Punda mmoja aliacha, tena karibu na maua. Aikaeli alichana boksi, akainama na koti lake la kanisani, akazoa. Alipoinua kichwa, wahudumu wawili waliokuwa dirishani wakageuka haraka na kujifanya wanapanga vikombe. Akaendelea kuzoa. Kazi ilikuwa yake, na saa ilikuwa bado haijatimia saa moja.

Frederick alitoka, akasimama mlangoni. Alitazama punda kwa muda, kisha akatazama saa ya mkononi. Saa moja kasoro dakika saba.

"Hawa," aliuliza, "asubuhi hawasumbui?"

"Hawasumbui, mkuu."

Frederick alibana midomo, lakini tabasamu lilikuwa limeshampenya. "Mpeni mama chai," aliita ndani. "Na huyo mzee pia." Kisha akapunguza sauti. "Lakini Alhamisi ni kreti thelathini na sita, mama. Punda hawa watazibeba?"

"Gari litazibeba," alisema Aikaeli, na akashangaa mwenyewe jinsi alivyolisema bila kupepesa.

*

Jumatano Sakaya alipewa kazi ya kwenda na Parsimei hotelini. Hakuuliza kwa nini. Alipanda mkokoteni mwenyewe, akiwa amevaa shati safi, na alipopita karibu na pikapu aliitazama kwa mbali kama mtu aliyekatazwa kumsalimia rafiki yake.

Mafuta Aikaeli alikuwa ameyaleta jana yake kwa dumu kutoka kituoni, akayamimina bila kugusa ufunguo. Anna alifika gizagiza likianza kufifia. Umande ulikuwa umeganda kwenye kioo. Aliweka kiganja kwenye boneti, na safari hii akakiacha hapo. "Safi," alisema. "Baridi kama mawe." Akafungua begi, akatoa kipande cha mpira chembamba, urefu wa mkono, na chupa ya kupulizia ile inayotumiwa saluni.

"Hiyo ni dawa gani?"

"Maji." Akaweka ncha moja ya mpira sikioni. "Washa, mama. Ikitaka kuzima, ikanyagie kidogo tu."

Aikaeli aliwasha. Pikapu ikaanza mambo yake: ikatetemeka, ikapiga chafya, silensa ikapanda na kushuka, milango ikagongana. Kwa mara ya kwanza katika miezi miwili alifurahi kuiona inaumwa. "Usipone," aliiambia moyoni. "Usipone sasa hivi, tafadhali."

Anna aliinama juu ya injini akipitisha ncha ya pili ya mpira taratibu, hapa, pale, kama daktari anayetafuta mapigo. Alipita kwenye plagi, akaendelea. Akarudi nyuma. Akasimama.

"Njoo usikie."

"Na mguu?"

"Tafuta jiwe."

Waliweka jiwe dogo juu ya pedali. Aikaeli akazunguka mbele, Anna akamshikisha mpira sikioni. Katikati ya kelele zote ikaja sauti aliyoijua, safi na ya karibu kana kwamba mtu anamnong'oneza: sssss.

"Ndiyo hii!" alipiga kelele. "Ndiyo hii nilimwambia!"

"Subiri sasa." Anna alielekeza chupa mahali bomba la hewa linapoungana na injini, pembeni kwa ndani, akapuliza maji. Sauti ile ikameza mate, ikakatika. Na gari likatulia. Kwa sekunde nne au tano injini ilisimama kwenye mngurumo mmoja, bila kutikisika. Kisha maji yakafyonzwa yakaisha, na mtetemeko ukarudi. Anna akapuliza tena. Likatulia tena.

Aikaeli alimnyang'anya chupa akapuliza mwenyewe. Likatulia. Akapuliza tena, na tena, mpaka Anna akacheka.

"Hapo pana gasketi, kipande cha kuziba mwanya kati ya vyuma," Anna alieleza baada ya kuzima. "Imezeeka, imekauka. Baridi ikiingia inajikunja, inaacha upenyo, injini inavuta hewa ambayo haikuitarajia. Mafuta yanakuwa hayatoshi, inakohoa. Chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba upenyo. Ndiyo maana mjini linakuwa zima."

"Kwa hiyo sio mguu wangu."

"Mguu wako hauna kosa, mama. Na masikio yako ni mazuri kuliko mashine. Ulikuwa umeshauona ugonjwa, tatizo hukupata mtu wa kumwambia."

Aikaeli aligeuka akajifanya anafunga kreti. Alihitaji dakika moja ya kuwa peke yake. Kwa miezi miwili alikuwa ameanza kuamini kwamba anayatunga, kwamba pengine ni umri, pengine ni kichwa. Aliporudi alikuwa na sahani ya viazi na kikombe cha uji. "Aika," alimwambia Anna kwa Kichaga cha kwao, kwa kuwa asante ya Kiswahili aliiona fupi.

*

Gasketi aliifuata mjini kwa daladala, akaipata duka la pili, elfu ishirini na mbili. Aikaeli alikuwa akitoka nayo mfukoni alipoitwa na sauti inayovuka barabara. Ni Derick.

"Mama! Umekuja kwa ile kontroo boksi?"

"Nimekuja kwa hii." Alimwonyesha.

Derick aliichukua, akaigeuza, akaelewa bila kuambiwa. Ni fundi, na fundi akionyeshwa jibu analijua. Aikaeli alikuwa amejiandaa kwa maneno makali aliyoyapanga njia nzima, lakini Derick alijipiga kofi la paji la uso akacheka, akijicheka mwenyewe sasa, kwa sauti ile ile kubwa.

"Hewa! Na uliniambia inavuja pumzi. Uliniambia kabisa!" Akatikisa kichwa. "Nani ameipata?"

"Fundi Anna wa Ngaramtoni."

Derick alijikuna shingo. "Nipe namba yake. Nina gari la mteja wa mtaa wa Sakina, asubuhi linanidhalilisha. Atakubali kuja?"

"Muulize mwenyewe," alisema Aikaeli akiirudisha gasketi mfukoni. "Lakini usimwashie gari."

Anna aliifunga mchana ule, kwa muda wa saa tatu ameinama, Sakaya akimpitishia spana na kuuliza kila kimoja kinaitwaje. Alipomaliza alitaka elfu thelathini. Aikaeli alimpa, akaongeza nusu gunia la karoti ambalo Anna alilipakia nyuma ya pikipiki kama abiria. Lakini hawakuwasha.

"Ikiwaka vizuri mchana haitatuambia kitu," alisema Anna. "Tutajua kesho."

*

Alhamisi ilikuwa na baridi kuliko zote. Maji ya kuku yalikuwa yameshika ganda jembamba juu, na pumzi za watu zilionekana. Kreti thelathini na sita zilipakiwa zikapanda mpaka juu ya kichwa cha pikapu. Parsimei alikuja na punda wake, tayari wamefungwa kwenye mkokoteni, "kwa lolote," alisema, ingawa kila mmoja alijua zingehitajika safari tatu. Anna alisimama kando ya boneti. Sakaya aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo asije akagusa kitu.

Aikaeli alivuta pumzi, akageuza ufunguo, akauachia.

Kimya.

Akageuza tena, kwa nguvu, na mbele yake ukalipuka mkwaruzo wa chuma uliowafanya punda waruke.

"Imewaka!" Anna alipiga kelele akigonga boneti kwa viganja. "Acha, mama, acha! Imeshawaka!"

Aikaeli aliondoa mkono kwenye ufunguo kana kwamba umemuunguza. Akaweka kiganja juu ya usukani. Ilikuwepo kweli: mngurumo mdogo, wa sawasawa, chini kabisa, kama mtu anayelala vizuri. Hakuna mlango uliogongana. Sakaya alipiga kelele ya furaha ambayo kawaida huiweka kwa ajili ya harusi, akaruka ndani, akafunga mlango. Walishuka kilima na mzigo wote, taa zikipasua ukungu, na hata kwenye kona mbaya ya mtoni, pale lilipokuwa na tabia ya kuzima, halikuzima.

Walifika saa kumi na mbili na nusu. Jikoni taa ndiyo kwanza zinawashwa. Sakaya aliruka akaanza kufungua kamba. Aikaeli alibaki kwenye usukani, injini inaunguruma, mikono imelala mapajani.

Frederick alitoka na kikombe mkononi, nywele bado hazijachanwa. Aliuona mzigo, akaangalia saa, akaiangalia tena. Akaja mpaka dirishani.

"Mama, zima basi gari. Unamaliza mafuta bure."

"Ngoja kidogo, mkuu."

"Unangoja nini?"

"Ninaisikiliza."

Frederick alisogeza sikio, akasimama hivyo kwa muda, mvuke wa chai ukipanda usoni mwake.

"Mimi sisikii kitu," alisema.

"Ndiyo hicho hicho," alisema Aikaeli.